Punje Iliyosafiri Peke Yake

Wahenga walisema, mtembezi hula miguu yake. Mimi nilitembea mbali, nami namshukuru Mungu kwamba nilikula vitu vilivyo bora kuliko miguu. Katika likizo ya Agosti, mwaka 2019, baada ya kuweka akiba kwa muda wa miaka sita, nilisafiri kwenda Meksiko. Walimu wenzangu walidhani kwamba nakwenda kutazama mapiramidi, nami sikuwaficha nia yangu. Tangu utoto mimi ni mpenda chakula, na nilikwenda kula. Nilitaka kuonja kwa ulimi wangu chakula cha nchi iliyoupa ulimwengu mahindi. Kwani mwalimu wa historia anayefundisha habari za mahindi bila ya kuonja yalikozaliwa ni sawa na mwalimu wa kuogelea asiyepata kulowa maji.

Asubuhi ya kwanza, katika njia ya mji mkuu, nilimkuta mama ameketi nyuma ya sufuria kubwa itokayo mvuke. Aliniuzia tamali, yaani unga wa mahindi uliokandwa kwa mafuta, ukafungwa katika maganda ya hindi na kupikwa kwa mvuke. Kisha akanipa kikombe cha kinywaji kizito cha moto kiitwacho atole. Nilipokionja nilicheka peke yangu, kwa kuwa kilikuwa uji. Jioni nilimwona kijana anauza mahindi yaliyopakwa pilipili na kukamuliwa ndimu. Mtoto wa Mombasa angesimama pale akadhani hajatoka kwao.

Lakini chakula kimoja kilinishangaza. Nacho ni tortila, mkate mwembamba wa mviringo, ufananao na chapati kwa umbo tu. Chapati yetu ni ya ngano na asili yake ni India; tortila ni ya mahindi na asili yake ni papo hapo. Ilikuwa laini, ilikunjika bila ya kupasuka, na ladha yake haikuwa ya ugali, wala ya uji, wala ya hindi la kuchoma. Ugali ukiupondaponda na kuutandaza namna ile, utakatika vipande. Nilijiuliza: punje ni ile ile, jua ni lile lile, tofauti hii imetoka wapi? Swali hilo lilinifuata mpaka Oaxaca, upande wa kusini wa nchi, na huko ndiko nilikopata jibu.

Oaxaca ni nchi ya mabonde na milima, na masoko yake ni furaha ya mtu mwenye njaa. Nilikula panzi waliokaangwa kwa pilipili, nikawakumbuka kumbikumbi wa nyumbani. Nilikula mchuzi mweusi uitwao mole, ambao ndani yake zilikuwamo pilipili za namna nyingi na kakao, mazao ya kwao wenyewe, pamoja na mdalasini na karafuu, viungo vilivyovuka bahari kutoka upande wetu wa dunia. Niliona hata mahindi yaliyoshikwa na ukungu mweusi, yale ambayo mkulima wa kwetu huyang'oa na kuyachoma moto, yakipikwa na kuliwa kwa heshima kubwa.

Mashamba ya pale yalikuwa na mambo ya kufundisha. Agosti ni wakati wa mvua, na mahindi yalikuwa yamesimama mabichi. Katika kila shina la hindi maharagwe yalikuwa yamejizungusha na kupanda juu, na chini yake maboga yalikuwa yametandaza majani mapana, yakiitunza unyevu ardhi na kuyazuia magugu. Wenyeji huliita shamba la namna hiyo milpa. Mkulima wa Machakos au wa Murang'a angelitambua shamba lile mara moja, maana yeye naye huyapanda mahindi, maharagwe na maboga pamoja.

Wataalamu wa mambo ya kale wametuonyesha kwamba mahindi yalitokana na nyasi ya mwituni iitwayo teosinte, katika bonde la mto Balsas, kusini magharibi ya Meksiko, yapata miaka 9,000 iliyopita. Suke la nyasi hiyo halizidi kidole kwa urefu, na punje zake chache ni ngumu kama changarawe. Wakulima wa zamani, ambao majina yao hayakuandikwa popote, walichagua mbegu bora mwaka baada ya mwaka, kizazi baada ya kizazi, mpaka nyasi ikawa hindi. Katika pango la Guilá Naquitz, huko huko Oaxaca, yaligunduliwa magunzi madogo yenye umri wa zaidi ya miaka 6,000. Basi, msomaji, mahindi hayakuokotwa porini yakiwa tayari. Ni kazi ya mikono ya watu.

Lakini kazi ile haikuishia shambani. Kijana aliyekuwa akinitembeza alinipeleka kijijini kwa shangazi yake, na mama huyo aliniruhusu kuketi jikoni mwake. Jioni aliyatia mahindi makavu katika chungu cha maji, akaongeza chokaa kiasi cha gramu 10 hivi kwa kila kilo ya mahindi, akayachemsha kwa kitambo, kisha akakitoa chungu motoni na kukiacha usiku kucha. Asubuhi maji yalikuwa yamegeuka rangi kuwa ya manjano, na maganda ya punje yalivuka yenyewe alipoyasugua kwa vidole. Aliyaosha mara kadhaa, akayasaga juu ya jiwe lililoinama kidogo, mfano wa jiwe walilosagia bibi zetu wimbi, akapata donge laini linalonata. Donge hilo alilibandua vipande vipande, akavitandaza kwa viganja na kuvichoma juu ya kigae cha moto. Zilikuwa tortila, na harufu yake ndiyo ile iliyonifuata tangu mji mkuu.

Nilimwuliza, kwa kinywa cha kijana yule, kwa nini hutia chokaa. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini huvua maganda ya ndizi kabla ya kuila. Akajibu kwamba mama yake alifanya hivyo, na bibi yake alifanya hivyo, na kwamba mahindi yasiyotiwa chokaa si chakula cha kumlea mtoto.

Mahindi yaliyopikwa namna hiyo huitwa nishtamali, neno la lugha ya Kinahuatl lililounganishwa kutokana na neno la majivu na neno la tamali. Maana mahali pasipopatikana chokaa, majivu hufanya kazi hiyo hiyo. Na yule mama, ambaye hakutaja sayansi hata mara moja, alikuwa amesema kweli tupu. Ndani ya punje ya hindi mna kirutubisho kiitwacho niasini, lakini sehemu yake kubwa imefungwa kana kwamba imo sandukuni, na tumbo la binadamu halina ufunguo wa sanduku hilo. Chokaa ndiyo ufunguo. Huilegeza niasini, ikaweza kutumiwa na mwili, na juu ya hayo huongeza madini ya kujenga mifupa. Mtu ambaye chakula chake ni mahindi matupu yasiyotiwa chokaa aweza kushiba kila siku na huku mwili wake unakufa njaa.

Sasa na tuitazame historia. Mwezi wa Novemba, mwaka 1519, Hernán Cortés na askari wake wa Kihispania waliingia Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, uliojengwa katikati ya ziwa. Bernal Díaz, mmoja wa askari hao, aliandika baadaye kwamba mfalme Moctezuma aliandaliwa zaidi ya vyakula 30 kwa mlo mmoja, na kwamba aliletewa kakao katika vikombe vya dhahabu. Tarehe 13 Agosti 1521 mji ule ulianguka. Wahispania walichukua dhahabu, walichukua ardhi, na walichukua mbegu. Mabaharia na wafanya biashara walizipeleka mbegu za mahindi Ulaya, Afrika na Asia, na kwa muda wa miaka isiyofika 200 mmea huu ukawa umeizunguka dunia.

Jambo la kuchekesha ni kwamba kila taifa lilimbandika mgeni huyu jina la jirani. Waitalia waliyaita mahindi nafaka ya Kituruki. Waturuki nao wakayaita kwa jina la Misri. Na sisi Waswahili tukayaita mahindi, kana kwamba yametoka kwa Wahindi. Watu walipokea chakula bila ya kujua kilikotoka. Na asiyejua kilikotoka chakula hawezi kujua kilivyopikwa huko.

Hapo ndipo msiba ulipoanzia. Waliozibeba mbegu walikuwa wanaume wa meli na wa vita, ambao wengi wao walipenda mkate wa ngano na kuyadharau mahindi. Waliokuwa na ujuzi wa chokaa walikuwa wanawake waliopiga magoti mbele ya mawe ya kusagia, na hakuna aliyewauliza neno. Punje ilipanda meli, ujuzi ukabaki jikoni.

Wahenga wetu husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja, na wenyeji wengine wakaugua. Mwaka 1735, huko Asturias katika Hispania, tabibu Gaspar Casal aliwaona maskini wenye maradhi ya ajabu: ngozi iliyopigwa na jua ilikuwa nyekundu na kukwaruza, hasa mikononi na shingoni. Karibu wote walikuwa watu walioishi kwa kula mahindi. Mwaka 1771 tabibu wa Milano, Francesco Frapolli, aliyaita maradhi hayo pelagra, jina lenye maana ya ngozi kavu iliyokwaruza. Mgonjwa huanza na ngozi, hufuata tumbo la kuhara, kisha akili huvurugika; na asipopata chakula kifaacho hufa. Kwa muda mrefu maradhi haya yalienea miongoni mwa wakulima maskini wa kaskazini ya Italia, ambao mlo wao ulikuwa unga wa mahindi uliosongwa, ndugu wa ugali wetu.

Mwanzoni mwa karne ya 20 pelagra ilienea katika majimbo ya kusini ya Marekani. Wengi waliamini kwamba ni maradhi ya kuambukiza. Mwaka 1914 serikali ya Marekani ilimpa daktari Joseph Goldberger kazi ya kuyachunguza. Goldberger aliona jambo dogo ambalo wengine walilipuuza: katika nyumba za mayatima na hospitali za wagonjwa wa akili, waliolelewa waliugua, lakini waliowalea hawakuugua. Kama maradhi yangekuwa ya kuambukiza, yangechagua namna gani? Tofauti yao ilikuwa katika sahani. Ili kuwanyamazisha waliombishia, mwaka 1916 yeye na wenzake walijidunga damu ya wagonjwa, wala hawakuugua. Goldberger alifariki mwaka 1929 kabla ya kukijua kirutubisho chenyewe. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem, mtaalamu wa chuo kikuu cha Wisconsin, aligundua kwamba ni niasini. Yakadiriwa kwamba kati ya mwaka 1906 na 1940 watu wapatao 100,000 walikufa kwa pelagra katika nchi ile. Na wakati huo wote, ng'ambo ya mpaka, akina mama wa Meksiko walikuwa wakiendelea kutia chokaa katika vyungu vyao.

Je, sisi? Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498, na katika zama za Wareno zilizofuata mahindi yalifika katika pwani yetu. Yafaa tuzingatie jambo moja hapa. Watu wa pwani waliijua chokaa tangu kale. Waliipata kwa kuchoma matumbawe, wakajengea misikiti na majumba, na kidogo wakaitafuna pamoja na tambuu na popoo. Chokaa na mahindi vilikuwa katika mji mmoja, pengine katika nyumba moja, na havikukutana katika chungu, kwa sababu aliyeleta mahindi hakuleta habari zake.

Katika bara, mtama, wimbi na uwele viliendelea kutawala kwa karne nyingi. Mahindi yalipata enzi katika karne ya 20. Katika Vita Kuu ya mwaka 1914 hadi 1918, maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walilishwa unga wa mahindi, na jina la mtaa wa Kariokor mjini Nairobi ni ukumbusho wao. Katika mashamba ya walowezi vibarua walipewa posho, na posho ile ilikuwa unga wa mahindi, hata neno lenyewe likageuka kuwa jina la unga. Walowezi walipendelea mahindi meupe kwa sababu ya soko la ng'ambo, nasi tukayapenda meupe mpaka tukayaona ya manjano kuwa chakula cha shida. Mwaka 1964, mwaka mmoja baada ya uhuru, watafiti wa Kitale walitoa mbegu chotara maarufu, iliyozaliwa kwa kuchanganya mahindi ya Kitale na mahindi yaliyoletwa kutoka Ecuador. Mavuno yaliongezeka, na ugali wa mahindi ukawa ndio ugali.

Msomaji aweza kuuliza: ikiwa tumekula mahindi bila ya chokaa miaka yote hiyo, mbona pelagra haikutumaliza? Jibu limo katika chungu cha githeri. Maharagwe, karanga, maziwa, nyama na samaki huupa mwili kile ambacho hindi limekifungia. Bibi zetu waliochanganya mahindi na maharagwe walikuwa wameijenga upya milpa ya Meksiko bila ya kuijua, na kwa sababu hiyo waliwaokoa watoto wao. Lakini pale mwenzi wa hindi anapoondoka, hatari hurudi. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walikuwa wakilishwa mahindi na karanga. Karanga zilipokosekana, zaidi ya watu 18,000 waliugua pelagra katika mwaka ule mmoja. Watu hao hawakukosa shibe. Walikosa karanga.

Hapa Kenya, tangu mwaka 2012, sheria yataka unga wa mahindi unaofungwa viwandani na kuuzwa uongezwe vitamini na madini, na niasini ni mojawapo. Ni jambo jema. Lakini tazama mzunguko wake: kile kilichofanywa kwa kiganja cha chokaa na mama asiyejua kusoma, ulimwengu umekifikia tena kwa maabara, kwa mashine na kwa sheria, baada ya mamia ya miaka na makaburi yasiyohesabika.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nilirudi nyumbani kwetu, karibu na Kitale, na jioni ya kwanza mama aliandaa ugali na mrenda, pamoja na nyanya, pilipili na parachichi. Niliitazama sinia ile kwa macho mapya, nikaona kwamba ukiiondoa mrenda, karibu kila kilichosalia kilikuwa na ukoo Meksiko. Nilipoumega ugali, nilimsimulia mama habari zote: mapango, chungu, chokaa, madaktari, na wanawake ambao hakuna aliyewauliza. Nilisimulia vizuri, kama nisimuliavyo darasani, na nikahitimisha kwa kusema kwamba chakula kipokewe pamoja na ujuzi wake.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyosha mkono, akachukua chupa ndogo iliyokuwa karibu na meko, akaiweka mbele yangu. Ilikuwa munyu, maji yaliyochujwa katika majivu, ambayo akina mama wa kwetu huyatia katika mrenda na kunde ili ziive na kulainika.

"Haya maji ya majivu," akasema, "nimeyatia katika mboga zako tangu hujaota meno. Umevuka bahari, mwanangu, ukamwuliza mama wa watu kwa nini anatia chokaa. Ukampa heshima hiyo, nami nafurahi. Lakini mimi nimekupikia miaka hii yote, na siku moja hujapata kuniuliza kwa nini natia munyu, wala hutengenezwa vipi."

Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa nimewahukumu mabaharia wa Kihispania kwa kosa ambalo mimi mwenyewe, mwenye cheti cha ualimu, nilikuwa nikilitenda kila siku mezani. Niliondoka, nikanawa mikono, nikaleta daftari na kalamu, nikaketi juu ya kigoda karibu naye.

"Kwanza," akasema mama, akiuchochea moto, "si kila majivu yanafaa."